Vijitabu Bila Wino Mwekundu

Korogwe,
18 Novemba 2024

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta kifua kimepata nafuu na mama ameacha kukufukiza majani ya mkaratusi. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina uchovu ambao usingizi hauutoi.

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu umenijibu "mvua bado" kisha ukakata. Mama ameniambia sikio la kushoto nalo limekwenda. Basi turudi kwenye barua, kama ulivyokuwa ukiniandikia nikiwa bweni. Hii nampa kondakta wa basi la Dar, atakuachia duka la dawa hapo stendi Mkata.

Habari yenyewe ni kwamba wamenifanya mratibu wa taaluma wa idara yetu. Uliwahi kuniuliza hapa chuoni kengele anapiga nani. Sasa ni mimi. Dkt. Ponsiano, mkuu wa idara, aliniita mwanzoni mwa mwezi akasema aliyekuwepo amekwenda masomoni na mimi ni mtu wa utaratibu. Sikujua utaratibu ni mzigo hivi. Nani afundishe somo gani, chumba kipi, saa ngapi. Mitihani itungwe, ipitiwe, ifungiwe. Alama ziingizwe kwenye mfumo. Malalamiko ya wanafunzi yote yaanzie kwangu. Na vipindi vyangu mwenyewe viko pale pale.

Ratiba nimeipanga mara nne. Vyumba vya kutosha watu mia moja na hamsini ni viwili tu. Mwalimu mmoja hataki Jumatatu kwa sababu anatoka Tanga, mwingine hataki alasiri na hasemi kwa nini. Jumatano mwaka wa pili walijikuta wana vipindi viwili kwa wakati mmoja, wakaja mlangoni kwangu wakasimama tu, wananitazama. Siku hizi nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Nikila nawaza chumba namba sita.

Asiyenisumbua ni Mwalimu Semboja peke yake. Aliniambia, "Nipange popote, mwanangu, mimi ni wa kuondoka." Amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Bado anafundisha saa mbili nzima bila karatasi mkononi, na darasa linatulia kama kanisani. Anakusalimu sana.

Mwanao,
Getruda


Mkata,
27 Novemba 2024

Mwanangu Getruda,

Marahaba. Barua imenifika ikinuka dawa ya kikohozi, nikajua imekaa salama. Mama yako Paulina hajambo, yuko shambani anang'oa mihogo, jana tumekula ugali wake wa bada mpaka nikalala nimekaa. Kifua kimetulia. Masikio tusiyazungumze.

Nakupa hongera, ingawa naona hukuiomba. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa na ratiba ilinitoa mvi kabla ya umri. Nikuambie kitu kimoja. Usimuulize mwalimu anataka saa ngapi, muulize saa gani hawezi, na sababu. Huyo asiyetaka alasiri na hasemi, ana jambo nyumbani. Mfuate taratibu, uende peke yako.

Semboja mpe salamu zangu. Alikuja Handeni kijana mdogo ametoka chuo cha ualimu, mimi nikamwonyesha pa kupanga chumba. Na wewe usisahau: mwaka ule nimelazwa, ndiye aliyekupeleka chuo kikuu kujiandikisha, akakaa nawe kwenye foleni siku mbili. Mtu huyo ni ndugu.

Kaa, mwanangu. Hata dakika kumi kwa siku, kaa tu.

Baba yako,
Bonaventura Mdoe


Korogwe,
11 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa miezi hii ya kimya. Najua Krismasi nilikuja na kuondoka kama mgeni. Natumaini mko wazima wote wawili na mvua imewafikia. Mimi sijui niseme ni mzima au siyo.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mtahini wa nje anakuja tarehe ishirini na sita. Huyu ni mwalimu wa chuo kingine anayekuja kuangalia kama tumesahihisha kwa haki. Kazi yangu ni kumtolea vijitabu vya majibu vya kila somo, vya waliofaulu sana, vya katikati na vya walioshindwa. Alhamisi niliingia stoo kuvitafuta. Nikafika kwenye somo la Mwalimu Semboja, Mbinu za Kufundisha, wanafunzi mia moja ishirini na sita. Alama zao ziko kwenye mfumo tangu mwezi uliopita. Lakini furushi lilikuwa bado limefungwa kamba, na fundo lilikuwa lile la wasimamizi wa mtihani. Nilifungua. Hakuna wino mwekundu, baba. Hakuna hata alama ya vema. Nilipekua kijitabu baada ya kijitabu nikidhani nimechukua furushi lisilo lake. Nikatoa na la mwaka jana. Nalo vilevile.

Nilikwenda ofisini kwake na kijitabu kimoja. Nikamwambia, "Mwalimu, hivi havijasomwa."

Alikipokea, akakisogeza hadi kikagusa pua. "Hiki ni cha nani?" akaniuliza.

Alikuwa amekishika juu chini.

Nilifunga mlango. Akasema, "Miaka miwili sasa, Getruda. Katikati pameingia giza. Nakuona mabega, uso wako siuoni." Hospitali walimwambia dawa hakuna. Darasani hahitaji macho, somo lote analo kichwani. Kusahihisha ndiko kulikomshinda, na aliona haya kusema. Alama alikuwa akimtajia karani aziingize. Nikamuuliza alizipataje. Akasema, "Nawajua kwa sauti zao. Anayejibu darasani namjua anaelewa."

"Na wale wasiosema?"

Alinirudishia kijitabu.

Stoo nimeifunga, ufunguo ninao mfukoni. Nimetembea hadi darajani na kurudi, nikaenda tena. Ofisini sikai. Dkt. Ponsiano ameniuliza kama nimefiwa. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Getruda


Mkata,
16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tu salama, mvua imeanza vizuri, mahindi yameanza kuchomoza.

Nimesoma barua yako mara moja nikaichoma jikoni, mama yako asiione. Nyamaza, Getruda. Hilo ndilo jibu langu. Chukua vijitabu hivyo uende kwake, umsomee, atoe alama kwa mdomo wewe uandike. Mtahini wako atakuta wino mwekundu. Mtu amefundisha miaka arobaini, amebakiza mwaka mmoja aagwe kwa heshima. Chuo wakijua watamtoa kama mwizi, na watu watasahau yote mema wakumbuke hilo tu.

Macho hayakumwomba ruhusa. Nakuomba kama baba yako, usimwaibishe.

Baba yako


Korogwe,
25 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Poleni na mvua, nasikia barabara ya kwenda Handeni mjini imeharibika. Mimi nimekusikiliza.

Siku saba, kila alasiri nikitoka darasani, nimekwenda kibarazani kwa Mwalimu Semboja nikamsomea. Anakaa amefumba macho. Ananiambia, "Rudia hapo. Huyo amekaribia, mpe mbili." Au, "Huyo anapamba maneno, usimpe kitu." Ni mwadilifu kuliko sisi wote tunaoona. Mtahini akija kesho atakuta kila kitu.

Lakini sikupata raha uliyoniahidi.

Alama za wanafunzi arobaini na mmoja zimebadilika. Ili nizibadilishe kwenye mfumo nimejaza fomu arobaini na moja, na kila fomu inataka sababu. Nimeandika "makosa ya kuingiza alama" mara arobaini na moja na chini yake nikatia saini yangu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Halafu kuna furushi la mwaka jana. Hilo hukuniambia nilifanyeje. Katika walioshindwa somo lake mwaka jana, watatu walidisko, ndivyo wanafunzi wanavyosema mtu akiondolewa masomoni. Mtihani wa marudio nao aliusahihisha yeye, kwa jinsi ileile. Nimesoma vijitabu vya wote watatu peke yangu. Wawili walishindwa kweli. Wa tatu alipewa ishirini na nane. Mimi nimemsoma mara mbili, na mara ya pili nimembana makusudi. Ana sitini na moja.

Anaitwa Loveness. Ni wa hapo Mkata, mama yake ni Rosa anayeuza machungwa stendi. Nilimuuliza Mwalimu Semboja kama anamkumbuka. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Sauti yake siikumbuki."

Nikienda darasani namwona kwenye kila kiti kilicho wazi, na sijawahi hata kumfundisha. Baba, ulisema nisimwaibishe Mwalimu. Na huyu binti nimwambie nini?

Mwanao,
Getruda


Korogwe,
22 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Mwezi mzima hujanijibu. Kondakta anaapa barua aliikabidhi. Nimempigia mama, anasema hamjambo, ila wewe siku hizi unatoka asubuhi na fimbo yako, unarudi jua limepungua, na ukiulizwa unasema ulikuwa unanyoosha miguu. Kama maneno yangu yamekuudhi, nigombeze. Nimezoea ugombezi wako. Kimya chako sikiwezi.

Getruda wako


Mkata,
4 Mei 2025

Mwanangu Getruda,

Marahaba, na samahani. Mwili hauna neno. Mahindi yametoa mbelewele na mama yako anakusalimu.

Hukuniudhi. Nilikuwa nakwenda stendi.

Siku ya kwanza nilinunua machungwa nikarudi nyumbani. Ya pili vilevile. Mama yako akaanza kuuliza tuna mgonjwa gani. Loveness anauza pamoja na mama yake. Basi likisimama anakimbia na beseni kichwani hadi dirishani, lakini haiti abiria kama wenzake, analiinua tu beseni na kusubiri. Juma la pili nilimwambia mimi ni nani, nikamuuliza habari za somo lililomshinda. Alisema kitu, sikusikia. Akasema tena, nikaona midomo tu. Basi akachukua kalamu mfukoni mwangu akaandika juu ya gazeti analofungia machungwa: "Somo lile ndilo nililolipenda kuliko yote. Mpaka leo sijui nilikosea wapi." Kisha basi likaja, akakimbia.

Nilikaa pale kwenye benchi mpaka Rosa akaniuliza kama naumwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako nimemwambia jana tu. Mimi sikuanza kutosikia baada ya kustaafu. Nilianza mwaka 2007, nikaficha miaka minne. Nilijifunza kutazama midomo, nikawapanga wanaosema kwa sauti mbele. Mwaka 2009, mwezi wa nane, mbuzi waliingia bustani ya shule. Niliuliza mstarini nani aliacha lango wazi. Zamu ilikuwa ya binti wa darasa la saba, Joyceline. Nikamuuliza yeye. Midomo ilicheza kidogo, sikusikia kitu. Nikamuuliza tena. Ikacheza tena. Nikaona ananidharau mbele ya shule nzima. Nilimchapa viboko vinne, nikamwambia asirudi bila mzazi.

Mama yake hakuja. Aliona aibu, akampeleka kwa bibi yake Mkumbara. Mtihani wa darasa la saba ulifanyika mwezi uliofuata na Joyceline hakuwepo. Jioni ya siku ile ile ya viboko mwalimu wa zamu aliniambia, "Mwalimu Mkuu, mbona yule mtoto alikujibu? Alisema lango alilifunga, mbuzi wamepita kwenye tundu la ua." Nilikwenda nikaliona tundu. Nikaliziba. Na nikanyamaza, kwa sababu kumrudisha kungekuwa kusema kwamba sikumsikia.

Nilipokuandikia unyamaze, sikuwa namtetea Semboja. Nilikuwa najitetea mwenyewe.

Fanya unaloliona ni haki. Ila yeye umwambie kwanza, uso kwa uso, kabla hujamwambia mwingine.

Baba yako,
Bonaventura


Korogwe,
21 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikukujibu haraka kwa sababu sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Natumaini kifua hakijarudi na baridi hii.

Nilimwambia Mwalimu Semboja kwanza, kama ulivyosema. Nilimkuta kibarazani kwake. Nikamweleza habari za Loveness, na kwamba nitaandika kwa mkuu wa idara. Akauliza, "Anafanya nini sasa?" Nikasema anauza machungwa stendi. Akaomba wiki moja. Nikampa, na wiki ile sikulala sawasawa hata siku moja, nikihofia kwamba mwisho wake nitamrehemu.

Kikao kilikuwa tarehe tatu. Nilisoma maelezo yangu, pamoja na zile fomu arobaini na moja, kwamba sababu niliyoiandika haikuwa ya kweli. Dkt. Ponsiano alinitazama kana kwamba nimemwagia maji makaratasi yake. Akasema, "Dkt. Mdoe, hili lingemalizwa ndani." Ndipo Mwalimu Semboja akasimama, akishika ukingo wa meza. Alisema, "Yote ni kweli. Msimuulize yeye, niulizeni mimi." Akaeleza habari za macho yake, bila kujitetea. Kisha akaomba mtu amsindikize mlangoni. Nilinyanyuka, akasema, "Siyo wewe."

Hajaniongelesha tangu siku hiyo. Amepewa likizo ya ugonjwa na atastaafu mapema. Wanafunzi wake wamekwenda kumwona, naambiwa kibaraza kilijaa. Mimi sijakwenda.

Vijitabu vya miaka miwili vimesomwa upya na walimu watatu. Loveness wamempa hamsini na tisa. Chuo kimemwandikia arudi mwezi wa kumi na moja, aendelee mwaka wa pili. Mwingine wa mwaka ule ambaye hakuwa amedisko lakini alirudia somo bure, naye amesafishwa.

Na mimi nimepata barua mbili. Moja ni ya onyo, kwa sababu ya fomu. Nyingine inanishukuru kwa kazi ya uratibu na kunijulisha kwamba Septemba atachukua mwenzangu. Nilidhani nitafurahi. Nimejikuta nampangia huyo mwenzangu ratiba ya mwaka ujao, ili mwaka wa pili wasije wakasimama mlangoni kwake. Yule asiyetaka alasiri nilimfuata, baba. Ana mume aliyepooza, saa nane ndiyo saa ya kumgeuza. Nimempa asubuhi zote.

Sijatulia bado. Nikipita barabara ya kwake nakaza mwendo.

Mwanao,
Getruda


Mkata,
9 Novemba 2025

Mwanangu Getruda,

Marahaba. Mama yako ni mzima na anakutumia unga wa muhogo, uko kwenye mfuko uliokuja na barua hii. Mimi ni mzima, ila nina safari ya kukusimulia.

Loveness aliondoka Jumatatu iliyopita. Rosa alimsindikiza hadi ndani ya basi, akashuka, akapanda tena, kondakta akakasirika. Wewe utakuwa umeshamwona. Mwache kwanza azoee, usimwite ofisini.

Basi lile lilipoondoka nilibaki nimesimama stendi, nikaona sina tena kisingizio. Alhamisi nilipanda la kwenda Moshi. Korogwe nilipita bila kushuka, unisamehe, ningekuona ningeishia hapo kwako. Nikashuka Mkumbara na mfuko wa machungwa, nikaulizia. Joyceline ni fundi cherehani, ana kibanda pembeni mwa barabara. Nilimtambua kabla hajageuka. Yeye pia alinitambua. Alisimama, akasema shikamoo. Hiyo niliisoma midomoni.

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisibabaike, na nilibabaika. Nilimwambia kwamba siku ile sikumsikia. Kwamba tundu la ua niliwahi kuliona. Kwamba nilijua kabla ya mtihani na ningeweza kumfuata. Aliacha kushona. Nilipomaliza alisema jambo refu, nami nikamwonyesha masikio yangu.

Basi akazunguka cherehani, akaja akainama karibu kabisa, akapaza sauti hadi watu wa barabarani wakageuka.

"Mwalimu, tulijua husikii. Darasa zima tulijua. Tulikubaliana kila mtu akikujibu apaze sauti, ili walimu wengine wasigundue wakakuondoa. Siku ile nilikuwa naumwa koo."

Karatasi ilikuwa imekwisha na kichwani hapakuwa na kingine. Alirudi kwenye cherehani yake. Mfuko wa machungwa aliuweka karibu na mlango, hakuufungua. Mteja alikuja, akapimwa, akaondoka. Nilikaa kwenye kiti cha wateja kiasi cha saa mbili. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Basi la kurudi lilipotokea aliinuka akalisimamisha kwa mkono, akanirudishia mfuko wangu. Nikamuuliza kama naweza kuja tena mwezi ujao. Alifikiri mpaka kondakta akaanza kupiga bodi la basi. Kisha akaja tena sikioni, safari hii sauti haikuwa kali.

"Njoo, Mwalimu," akasema. "Ila usije na zawadi."

Baba yako,
Bonaventura